Fundi Aliyetafuta Mahali pa Kusimamisha Mashine

Kwa miaka yote aliyokaa kwangu Kibeta, sikuwahi kumwona Fundi amekaa kitini mpaka chai ikaisha kikombeni. Unamkaribisha, anakaa, anapiga funda la kwanza, macho yameshatoka mlangoni. Funda la pili ameinuka. La tatu analinywea uani, kikombe mkono huu, mkono mwingine unapapasa nguzo ya banda kama anayepima mtoto homa.

"Fundi, kaa basi unywe kama mtu."

"Nakaa, Mama. Nakaa."

Huyo, ameshafika kwenye migomba.

Juu ya kwao na baba yake sina la kusema. Alitoka ng'ambo ya ziwa, basi. Ukimwuliza zaidi, anakuuliza wewe kama mlango wako bado unakwaruza sakafu. Hata jina lake lilitupotea. Wavuvi wa visiwa vya Muleba walimwita Fundi, kanisani tulimwita Fundi, na mke wake mwenyewe, siku alipokuja kumgombeza mbele yangu, alimwita Fundi.

Huyo mke ndiye kiini cha mambo. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwa amemfuata mumewe kutoka mwalo hadi mwalo, kila mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kutoka chumba cha kupanga hadi chumba cha kupanga, anafunga mizigo, anafungua mizigo, mpaka siku moja akachoka. Akabaki kisiwani na chanja zake za kuanikia dagaa, akamwambia mumewe: "Mimi siendi tena popote. Hiyo mashine yako ikipata mahali pa kusimama, isimame kweli, nitumie habari nitakuja. Isipopata, tusisumbuane."

Haya nilielezwa na Fundi mwenyewe siku aliyokuja kuniomba banda. Hakuficha. Alisema, "Mama, mimi sitafuti nyumba. Natafuta mahali mashine isitikisike. Mke wangu yumo humo humo."

Nikamtazama mtu mzima, mvi kichwani, ananiambia mke wake yumo ndani ya mashine. Nikampa banda. Ningefanyaje? Mtu anayesema ukweli wa ajabu namna hiyo hafukuzwi.

Mashine yenyewe usiifikirie ile ya kusaga. Ni mashine ndogo ya kuchonga chuma, mafundi wanaiita milingi. Kimo chake kama mtoto wa darasa la kwanza, uzito wake kama fahali. Ina meza ya chuma inayokwenda huku na huku ukizungusha gurudumu, na juu ya meza kuna jino linalozunguka. Unafunga kipande cha chuma mezani, jino linakila polepole, kinatoka na umbo: gia ya injini ya boti, kipuri cha mashine ya kukobolea kahawa, chochote ambacho dukani wanakuambia hakipo, labda uagize.

Siku za mwanzo wanawake wa jirani walikuja na mahindi kichwani, wamesikia kwangu kumeletwa mashine. Fundi hakuwacheka. Aliwaingiza bandani wote, akawaonyesha jino, akawaeleza kazi yake neno kwa neno kama mwalimu, na wao wamesimama na mahindi yao. Alipomaliza, mmoja akauliza, "Sasa unga unatokea wapi?"

Akachota punje za chuma zilizodondoka chini, akamwonyesha. "Unga wake ndio huu."

"Huo nani atausonga?"

"Wavuvi," alisema Fundi. "Wao wanakula chochote."

Basi wanawake walicheka mpaka mahindi yakamwagika. Kuku wangu wakaja kuokota mahindi, na pamoja na mahindi wakaokota chuma, na jogoo wangu mwekundu akafa. Tuligombana na Fundi kwa huyo jogoo! Nilimwita majina ambayo mama wa kanisa hapaswi kuyajua. Tangu siku hiyo alifagia banda mwenyewe asubuhi na jioni, anainama na sumaku mkononi anakusanya kila chembe, na kuku wakipita mlangoni anawafukuza kwa hofu kuliko mimi mwenyewe.

Alikuwa hivyo. Unamdhania hana habari na mtu, kumbe ana habari mpaka inamchosha. Mtu asiyeweza kumaliza kikombe cha chai aliweza kusimama mbele ya chuma tangu asubuhi mpaka jua la utosini, anazungusha lile gurudumu taratibu, hapumui, hageuki, ukimsemesha hakusikii. Chuma kilikuwa na mtu wake. Sisi wengine tulipata mgongo wake.

Neno lake lilikuwa "bado". Mvuvi ametoka kisiwani kuchukua gia, inang'aa, imefungwa kwenye gazeti: "Bado." Anaifungua tena, anaipitisha kidole, anairudisha mezani. Nikimwuliza viazi vimeiva? Bado. Mvua imekatika? Bado, wakati jua linatuchoma. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyesema kwamba huyu mtu siku ya kuzikwa atafungua jeneza aseme bado.

Na ile tabia yake ya maji! Popote alipofika aliomba maji kwenye bilauri, akayaweka mezani, asinywe. Anayatazama tu kama yanacheza. Yakicheza, anainama chini ya meza. Tangu lile tetemeko lililopasua kuta zetu, watu wengi huku hawaamini ardhi, nami siwalaumu, lakini Fundi alizidi. Siku moja kanisani, katikati ya mahubiri, aliinuka, akapiga magoti, akaingia chini ya benchi. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa furaha, akidhani mtu ameguswa na neno. Mchungaji akanyamaza. Fundi akatoka huku chini na vumbi la magotini, alikuwa amechomeka kipande cha boksi chini ya mguu mmoja wa benchi.

"Endelea, Mchungaji," alisema. "Sasa halinesi."

Sasa nije kwenye ile miguu ya mashine, maana ndiyo iliyomla. Yeye aliiita stendi. Mashine ya namna ile haikai chini, utavunja mgongo kuinama. Lazima ipandishwe juu ya kitu. Na hicho kitu kikinesa kidogo tu, mashine inatetemeka, jino linarukaruka, chuma kinatoka na mawimbi kama mchanga wa ufukweni, na jino lenyewe linakatika. Wavuvi hawataki gia yenye mawimbi. Injini itawazimikia katikati ya ziwa.

"Kuchonga ni rahisi, Mama," aliniambia. "Kusimama ndiko kugumu."

Stendi ya kwanza aliijenga kwa mbao nene za mkaratusi. Ilikuwa nzuri, hata mimi niliitamani iwe meza ya jikoni. Mvua za kwanza zikaja, mbao zikanywa unyevu, zikajipinda kama mzee mwenye kibiongo. Akazipasua kuni, akanipa.

Ya pili aliijenga kwa chuma. Alichomelea mabomba ya mraba, akaipanua miguu kwa chini kama mtu anayejiandaa kusukumwa, akaweka vyuma vya mshazari kila upande ili isiyumbe, na juu bamba nene ambalo wanaume wanne walilibeba wakitukana. Ndani ya mabomba akamimina mchanga mkavu, anagonga kwa nyundo unashuka, anaongeza, anagonga tena. "Mchanga unakula mtikisiko," alisema. Chini ya kila mguu akaweka bolti ya kupandisha na kushusha, akaweka pima maji juu ya bamba, akazungusha bolti mpaka povu la ndani yake, linaloonyesha usawa, likakaa katikati kabisa. Mashine ikapanda. Ikawashwa. Bilauri ya maji juu yake, maji kimya.

Akamtumia mkewe salamu ajiandae.

Mvua zikanyesha, povu likahama. Upande wa migombani stendi ilikuwa imelala. Akapandisha bolti. Baada ya siku chache imelala tena, upande uleule. Akapandisha. Ikalala. Hapo ndipo nilipoona mtu anaweza kuhangaika mpaka akakonda. Alilaumu pima maji, akanunua nyingine. Alilaumu mchanga, akaumwaga, akauanika juani, akaurudisha. Alilaumu watoto wa jirani kwamba wanaingia kuchezea bolti. Alinilaumu mimi kwamba natwanga karibu.

"Natwanga kwangu!" nilimwambia. "Nitatwangia wapi, Biharamulo?"

Hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yake. Aliitazama mbele na nyuma kama mtu aliyeazimwa kitu asichokitambua.

Akaja na wazo la zege. Achimbe chini, amwage zege, azike bolti ndani yake, stendi ifungwe pale iwe kitu kimoja na ardhi. Nikamwambia hilo siwezi kuruhusu peke yangu. Niliingia hapa bibi harusi, migomba hii nimeipalilia mpaka magoti yamekwisha, lakini kibanja ni cha ukoo wa mume wangu, na ukoo una macho. Nikamwita shemeji.

Shemeji alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni mwa banda asiingie.

"Huyu mtu anataka kuchimba nini?"

"Anataka mashine yake isitikisike."

"Si aishike!"

"Shemeji, acha utani."

"Sitanii, waitu, mwenzetu. Zege ni mbuni."

Nieleze hapo kwa asiye wa kwetu. Mgeni akipewa mahali kwenye kibanja anaweza kulima maharage, anaweza kupanda mihogo, ndizi akiruhusiwa atavuna. Lakini hapandi mbuni, mti wa kahawa. Mbuni unakaa kuliko mtu. Aliyepanda mbuni, wajukuu zake watakuja kusimama chini yake waseme hapa ni petu, na nani atabisha? Hili halikuandikwa popote, kila Mhaya analijua tangu anatambaa. Kwa hiyo shemeji alikuwa na haki yake. Kitu kikishazama ardhini, siku ya kumwondoa mgeni utaking'oa na nini?

Fundi alisikia yote. Alisema tu, "Sawa, Mzee," akarudi kwenye bolti zake, akapandisha ule mguu.

Mimi ndiye sikulala vizuri. Si kwa huruma, mimi si mtu wa huruma sana. Ni kwamba lilinikera. Kwa nini upande uleule? Ardhi yote ya kibanja ni moja, mvua ni moja. Nikawa nimekaa jikoni namenya ndizi, natupa maganda kwenye ndoo, mkono ukasimama hewani. Mama wee! Shimo la mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa mpika pombe wa kusifika. Wakati naolewa alikuwa na shimo lake la kuivishia ndizi, hapo hapo karibu na jiko la zamani. Unatandika majani makavu, unapanga mikungu, unafunika majani, unaingiza moshi, unafukia udongo, unasubiri ziive. Kisha zinamenywa, zinakanyagwa kwa nyasi, juisi inachanganywa na mtama, inakuwa rubisi. Alipozeeka, shimo likaachwa. Watu wakatupa humo maganda, majani, majivu, kila takataka ya migombani, likajaa, likakanyagwa, likaota majani. Tulipojenga banda hakuna aliyefikiria shimo. Kila nyumba hapa ina shimo lake la zamani mahali fulani, na kila mtu anajenga juu yake, kwa kuwa ndipo pamekuwa tambarare.

Nikatoka na kisu mkononi. "Fundi, chimba pale kwenye mguu unaozama."

Kwa mara ya kwanza hakusema bado. Aliisogeza stendi kwa nondo, akachukua jembe. Kina cha kiwiko tu, udongo ukabadilika, ukawa mweusi, laini, majani yaliyooza yametandikwa kama godoro, na harufu ikatoka chini kama pumzi ya mlevi wa juzi. Alitia mkono. Ukazama mpaka begani.

Akakaa chini, pale pale kwenye tope, akacheka. Sijawahi kusikia kicheko cha namna hiyo, kilikuwa karibu na kilio.

"Siyo mikono yangu, Mama," alisema. "Siyo mikono yangu!"

Ndipo nikajua siku zote hizo alikuwa anaogopa nini.

Shemeji alipopata habari alikuja, na safari hii aliingia. Alisimama kwenye ukingo wa shimo, akalitazama, midomo inacheza. "Hapa," alisema, "ndipo mama alinichapa kwa kuiba ndizi mbivu. Nilikuwa nimeingia humo mzima mzima, miguu tu ndiyo inaonekana." Akajifuta pua. Akasema shimo ni letu, kulijaza si kupanda kitu, ni kufagia. Fundi alijaze kwa mawe. "Lakini zege hapana. Mawe."

Fundi aliondoa uozo wote kwa ndoo, nikautia kwenye migomba yangu, na mikungu ya mwaka ule ukiiona ungepiga kelele. Mawe aliyabeba mgongoni kutoka kule chini bondeni, makubwa kwa madogo, anayapanga kwa mkono, anayashindilia kwa gogo. Shemeji alikuwa anakuja kusimamia, analalamika kwamba jiwe hili limekaa vibaya, mwishowe akawa anabeba na yeye huku akilalamika.

Stendi ikarudi. Povu katikati. Mvua zikanyesha, nasi tukaamka tukakimbilia bandani, mimi na kanga yangu ya kulalia, yeye na pima maji. Povu katikati. Mvua nyingine, povu pale pale. Akajaza bilauri mpaka mdomoni, akaiweka juu ya mashine, akaiwasha. Hata tone halikumwagika. Akawaita majirani waje watazame maji yasiyofanya kitu.

Mkewe akaja. Mwanamke mrefu, mkavu, mikono yake ya kazi, sauti yake ya kushindana na upepo. Aliniamkia vizuri, akanipa mfuko wa dagaa wakubwa, akaingia bandani moja kwa moja. Akaizunguka stendi. Akaisukuma kwa bega, haikutikisika. Akaona maji kwenye bilauri. Nikaona uso wake unalainika, na Fundi yuko nyuma yake anafuta mikono kwa kitambaa, anafuta, anafuta.

Kisha akainama. Kwenye pande mbili za stendi, chini ya bamba, Fundi alikuwa amechomelea vipande viwili vya bomba vilivyo wazi huku na huku.

"Fundi. Haya ya nini?"

Fundi akakunja kitambaa chake.

"Nakuuliza. Haya matundu ya nini?"

"Ya kupitishia miti."

"Miti ya nini?"

"Ya kubebea. Ikitokea."

Mwanamke akanyooka. "Ikitokea nini?"

"Mimi hapa ni mgeni, mke wangu. Wakisema niondoke—"

"Kitanda chetu kule kisiwani ulikifunga bolti ili kifunguke. Meza, bolti. Hata mlango wa choo, Fundi, uliuwekea bawaba za kuchomoa! Sasa umejenga kitu ambacho hata ng'ombe hakisukumi, ukakiwekea masikio ya kushikia." Akanigeukia. "Mama, huyu unamwona amesimama hapa? Hayupo hapa. Ameshaondoka, ni mwili tu unasubiri gari."

Alilala kwangu, kitanda changu, si cha mumewe. Asubuhi nilimsindikiza mpaka kituoni. Hakulia. Aliniambia nisiwape paka wale dagaa, ni wazuri.

Fundi alimwambia nani? Alinisemea mimi, amesimama mlangoni, chai inapoa: "Amesema kweli. Lakini ningefanyaje? Sikuruhusiwa kuzama." Baada ya hapo akawa anafanya kazi kama anayefukuzwa. Gia zilitoka safi kuliko wakati wowote, bila wimbi hata moja, na uso wake ukawa mbaya kuliko wakati wowote.

Siku moja mvuvi akaja kuchukua kipuri, akasema mke wa Fundi ameugua tumbo, amevushwa kutoka kisiwani, amelazwa hospitali kule Muleba, wanataka kumpasua. Fundi alikuwa anachonga. Alizima mashine. Akatoka mlangoni na aproni yake, akapita migombani, akaingia barabarani. Kipande cha chuma kilibaki kimefungwa mezani, kimeliwa nusu.

Nikaifunika mashine turubai. Nikawa naingia asubuhi naitazama, sijui kwa nini, natoka. Nyumba ilikuwa imetulia, na utulivu huo ulinisumbua kuliko kelele zake.

Kikao cha ukoo kilipokaa, kwa mambo mengine ya mipaka, niliomba kusema. Mjane akisimama kwenye kikao, wanaume hutazama viatu vyao. Nikasema: "Mnasema yule ni mgeni. Shimo la mama yenu nyinyi mlilijaza maganda. Yeye amelijaza mawe aliyoyabeba kwa mgongo wake. Sasa niambieni mgeni ni nani hapo."

Kijana mmoja akacheka, akakatazwa. Wakanong'ona. Waliongea mpaka jua likageuka, mimi nimesimama, sikukaa makusudi. Mwisho shemeji akakohoa.

"Zege, sawa," alisema. "Mbuni, hapana."

"Nani ametaja mbuni?"

"Naweka wazi tu, shemeji. Naweka wazi."

Basi nikafunga mkungu wa ndizi, nikapanda gari la Muleba.

Nilimkuta Fundi nje ya hospitali, kwenye jiko la wanaouguza, anakoroga uji na mwiko, anauangalia uji kama ule ungekimbia. Alikuwa na ileile aproni. Aliponiona aliinuka haraka mpaka sufuria ikayumba.

"Mama! Kumetokea nini? Imelala?"

"Haijalala. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Wamempasua. Anaendelea. Leo ametukana, nadhani anapona."

Nikampa ujumbe wa ukoo pale pale, mwiko mkononi mwake: zege limeruhusiwa, azike bolti zake. Nilitegemea aruke. Hakuruka. Aliuepua uji, akauweka chini, akasema, "Ngoja nikamwulize." Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitaka kumwuliza mke wake kitu kabla ya kukifanya. Nikamfuata ndani.

Mkewe alikuwa amelala chali, amekonda, macho yaleyale. Fundi akaanza kueleza, akapotea katikati ya mambo ya kokoto na nondo, mwanamke akainua kiganja kumnyamazisha. Akaniuliza mimi.

"Mama, wenye ardhi wamesema wenyewe?"

"Wamesema. Nimesimama nimesikia."

"Huyu alikuja kwangu bila hata spana moja," alisema polepole, kwa kuwa mshono ulimuuma. "Huyu hata kuoga anakwenda na spana. Nilipomwona mikono mitupu nikasema ama ameibiwa ama amerukwa na akili."

"Ziko kwangu zote," nikamwambia. "Hajaibiwa."

Kitanda cha pili mgonjwa aliacha kujifanya amelala, akageuka atusikilize vizuri.

"Nitakuja," alisema mke wa Fundi. "Lakini msilimwage hilo zege kabla yangu. Mlimwage nipo. Nitalikanyaga likiwa bichi, mimi kwanza, kabla ya mashine."

Fundi akaruka sasa. "Halikanyagwi! Zege la mashine linatakiwa liwe sawa kama kioo, ukilikanyaga bolti zitapinda, bamba halitakaa, mtikisiko utaanzia—"

"Basi mashine yako ibaki kwenye matundu yake ya kubebea."

Wakatazamana. Mimi nilitazama dirisha. Nje uji ulikuwa unaganda utando juu, hakuna aliyeujali.

Fundi akasogea upande wa miguuni. Akainua shuka kidogo, akautazama mguu wa mkewe, mkavu, wenye nyufa za miaka ya mwaloni. Akaupima kwa shubiri yake, kisigino mpaka kidole gumba, akahesabu kimoyomoyo, akapima upana.

"Unyayo mmoja tu," alisema. "Pembeni, mbali na bolti."